Kumpeleka Editha Ngara Kuhesabiwa Kinga

Tuliondoka Nyarubungo kwa sababu ya surua. Ugonjwa ulikuwa umeingia Nyantakara, wilaya yetu hiyo hiyo ya Biharamulo. Wengine walisema umeanzia mnadani, wengine wakasema umeletwa na wakimbizi, maana miaka ile hata mvua ikichelewa walisingiziwa wakimbizi. Mimi sikujali ulikotoka. Nilijali unakoelekea, kwa sababu nyumbani kwa kaka yangu alikuwapo binti yake Editha, wa miaka tisa, na Editha hakuwa na kinga ya surua hata kidogo.

Hapa inabidi nieleze, ingawa kueleza kulinichosha kuliko kufundisha darasa la kwanza. Editha alizaliwa na sikoseli. Kila msimu wa baridi mifupa ilimuuma hadi tukawa tunalia naye. Padri wetu wa zamani, aliyekwisha kurudi kwao Italia, ndiye aliyemtafutia nafasi katika hospitali moja ya watoto huko. Tulikwenda watatu: Editha, kaka yake Deo, na mimi shangazi yao. Mama yao alikuwa ananyonyesha, nami nilikuwa nimestaafu ualimu, sina kisingizio. Madaktari waliuua kwa dawa uboho wa Editha, yaani ile laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, wakampa wa Deo. Uboho wa Deo ukashika. Damu mpya ikaja, na yale maumivu hayakurudi tena.

Lakini damu ya zamani ilipoondoka, iliondoka na kila kitu ilichojifunza. Chanjo alizopata utotoni zikawa kama hakuwahi kuchanjwa. Daktari wa kule aliniambia kwamba askari wa mwili wangerudi polepole, kama wanavyokuja kwa mtoto anayekua, na kwamba chanjo zote zianze upya. Za mwanzo tulikwisha kumpa. Ilibaki ya surua, nayo ina vijidudu hai, ila vimedhoofishwa. Mwili usio na askari wa kutosha unaweza kushindwa hata na hivyo vilivyo dhaifu. Kwa hiyo ilibidi tungoje miaka miwili, kisha askari wake wahesabiwe kwanza. Miaka hiyo miwili Editha hakwenda shule wala kanisani. Nilimfundisha mwenyewe chumbani, na watoto wenzake aliwaona dirishani.

Miaka miwili ilipotimia, surua nayo ikabisha hodi. Mashine ya kuhesabu askari wa mwili ilikuwako Ngara, katika hospitali ya misheni, na ilikuwa imeletwa kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI. Kibimba, kwao mama yake Editha, si mbali na hapo. Tulikubaliana mimi nimpeleke, kwa kuwa masharti yote niliyajua mimi.

Jumamosi alfajiri gari la parokia, pikapu yenye viti vya nyuma, lilitufuata. Dereva wake aliitwa Hamisi, Mwislamu wa Biharamulo mjini, aliyewaendesha mapadri kwa miaka mingi hadi akajua Litania kuliko waumini wengi ninaowafahamu. Nilikuwa nimevifuta viti vyote kwa maji ya sabuni. Editha alikaa nyuma peke yake, kitambaa cha hospitali kimemziba pua na mdomo, madirisha yote wazi.

Lusahunga tulisimama. Siku hizo hukuweza kuupita ule msitu peke yako, majambazi walikuwa wengi, kwa hiyo magari yalingojana yakaenda kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Mbele yetu yalipangwa malori ya mahindi ya wakimbizi. Polisi mmoja kijana alikuja na bunduki yake, akafungua mlango wetu ili apande, na hapo hapo akakohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakohoa nini?"

"Vumbi tu, mama."

"Basi kapande lori, ukakohoe na mahindi."

Hamisi alinigeukia taratibu. "Mwalimu, huyu ndiye mwenye bunduki."

"Nami nina mtoto asiye na kinga," nikasema.

Yule kijana akamtazama Editha, kitambaa chake na mikono yake myembamba, uso wake ukabadilika. "Pole sana, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Siku hizi dawa zipo." Akafunga mlango polepole, akaenda kupanda lori.

Nilikuwa nimepata nilichotaka, lakini ilinichoma. Nilielewa alichodhani. Editha naye hakuwa mjinga. Gari lilipoanza kwenda aliuliza, "Shangazi, kwani yule amedhani nina nini?"

"Amedhani una shangazi mkorofi."

"Hilo ni kweli," akasema, akarudi kutazama nyani waliokaa kando ya barabara.

Njia nzima ya msituni niliwaza maneno. Niliona kosa ni kusema hana kinga; mtu akisikia hivyo mawazo yake yanakwenda mahali pamoja tu. Nikaamua kwamba kuanzia hapo nitasema kinga yake ni ya mtoto mchanga. Kila mtu anajua mtoto mchanga hashikwishikwi ovyo. Nilijipongeza sana kwa ufumbuzi huo.

Mchana tulipita Benaco, na upande wa Lukole tukaona nyumba za wakimbizi zimejaa kilimani, udongo chini, turubai juu. Wanawake walirudi na mizigo ya kuni kichwani, watoto wakiwafuata kwa mstari. Editha alitaka kujua kama watoto wale wanasoma. Hamisi akamwambia wanasoma, tena wana shule kubwa. Aligeuka kuwatazama mpaka kilima kikapotea. Mimi niliona wivu, kwa maana hata mtoto aliyekimbia kwao kwa miguu alikuwa na darasa la kukaa na wenzake, na wangu hana.

Jioni tulifika Kibimba, tukiwa wekundu kwa vumbi. Bibi Veneranda, mama wa wifi yangu, alitungoja penye migomba yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, na kabla hajamfikia mjukuu wake nikajiweka katikati.

"Mama, samahani. Mtoto huyu amepona, lakini mwili wake umeanza upya. Mhesabu kama mtoto aliyezaliwa juzi."

Bibi alinitazama. "Juzi hasa?"

"Juzi hasa."

"Basi nimeelewa," akasema. Akatuonyesha chumba cha ndani, akawaamuru kuku watoke, na yeye mwenyewe akalala sebuleni. Nilimsifu moyoni kwa wepesi wake wa kuelewa, nikalala usingizi mzito.

Jumapili baada ya misa ndipo nilipojua alichoelewa. Nilikuwa nafua uani nikaona wanawake wanapanda kutoka barabarani, wamejipanga, vikapu kichwani, watoto mgongoni. Walikuwa wamevaa vizuri. Mmoja alibeba kibuyu cha pombe ya ndizi, mwingine maharage, mwingine unga wa ulezi wa uji. Walipofika karibu walipiga vigelegele. Bibi alikuwa ametangaza kanisani kwamba nyumbani kwake amepatikana mtoto, na wanawake wa Kibimba wakisikia amepatikana mtoto hawasubiri barua ya mwaliko. Wanakuja kutoa hongera na kumpakata. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilikuwa nimetafuta neno la kuwafukuza watu, na neno hilo hilo likawaita.

Nilikimbilia mlangoni nikiwa nimeshika ufagio. Bibi akanifuata, amekasirika.

"Mwalimu, unanitia aibu. Zawadi ya uzazi haikataliwi. Ukiikataa umemkataa mtoto."

"Mama, sikukataa zawadi. Nimekataa pumzi zao."

"Si wewe uliyesema amezaliwa juzi?"

"Nilisema ili wasije."

"Mtoto anazaliwa, watu wasije?" Aliniuliza kwa mshangao wa kweli. Kwake hilo lilikuwa jambo lisilowezekana.

Tulibishana pale mlangoni huku wanawake wakituangalia kwa adabu, vikapu bado kichwani. Mwishowe Bibi ndiye aliyepata njia. Alisema zamani mtoto alikaa ndani mpaka siku ya kutolewa nje, na kabla ya siku hiyo wageni walipokelewa uani. Akawageukia wenzake akawaambia mtoto bado hajatolewa. Wakaitikia mara moja, hakuna aliyeuliza zaidi. Mkeka ukatandikwa mbali na mlango, zawadi zikapokelewa, kibuyu kikafunguliwa. Niliweka ufagio chini na kukubali mrija. Pombe ilikuwa nzuri.

Katika maongezi hayo mazuri hakuna aliyemwona Agripina. Alikuwa binti wa jirani, mdogo, ndiyo kwanza ameimarika miguu, na mama yake alikuwa amemtua mgongoni ili acheze. Nilipoingia kuchukua bakuli nilimkuta chumba cha ndani, amekaa mapajani mwa Editha. Editha alikuwa amevua kitambaa chake ili ampulizie ndizi ya moto kabla ya kumlisha. Macho ya yule mdogo yalikuwa mekundu, makamasi yanamtiririka. Nilimchukua nikamtoa haraka.

Editha hakujitetea. "Alikuja mwenyewe, shangazi," alisema. "Alinyoosha mikono." Kisha akalia, si kwa hofu ya ugonjwa, bali kwa sababu nilikuwa nimemnyang'anya.

Nje nilimwuliza mama yake kuhusu yale makamasi. "Ni mafua ya baridi tu, Mwalimu," akasema. Nilitaka sana kumwamini.

Jumanne asubuhi mama huyo alikuja tena, safari hii akasimama mbali, kwenye migomba, mikono kichwani. Agripina alikuwa ametokwa na vipele nyuma ya masikio, na sasa vilikuwa vimeshuka usoni. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwambia Hamisi awashe gari. Agripina na mama yake walikaa nyuma kwenye bodi, Editha mbele na mimi, madirisha wazi, tukaenda wote hospitali.

Hospitalini Agripina alipelekwa wodi ya peke yake. Sisi tulipokelewa na daktari kijana, Mhaya mpole, aliyesikiliza habari yote bila kunikatiza, jambo ambalo ni wachache huliweza. Tulikuwa tumepangiwa kipimo Jumatano. Akasema kitafanyika sasa hivi.

"Mama, nikueleze wazi," akasema. "Mtu akichanjwa ndani ya siku tatu za mwanzo baada ya kukutana na surua, chanjo inaweza kuutangulia ugonjwa. Kwa mtoto mwingine ningemchoma bila kungoja. Huyu, kama askari wake hawajatosha, chanjo yenyewe inaweza kumwumiza."

"Na tusipomchanja?"

"Kama ameambukizwa na hawatoshi, surua itamkuta mtupu. Tungoje mashine."

Walimtoa Editha damu, tukaelekezwa kukaa kwenye benchi refu nje ya maabara pamoja na wengine waliongoja hesabu yao. Nilijua ni benchi la nani, na kila aliyepita pale alijua. Karibu yangu alikaa mwanamke aliyekonda, kitenge chake safi kimepigwa pasi. Alimtazama Editha, akasogea ili apate pa kuegemea ukuta.

"Mwache aegemee," akaniambia. "Mwanzo ni mgumu. Akizizoea dawa atanenepa, utaona. Mimi nilikuja hapa nimebebwa."

Nilikuwa na maelezo yangu yote tayari, uboho, Italia, mtoto mchanga. Nikayaacha. "Asante, dada," nikasema. "Mungu akuzidishie." Tulikaa hivyo mpaka akaitwa. Alirudi anatabasamu, akatupungia mkono, akaenda zake. Sikuona sababu ya kujitenga naye. Siku ile sote tulikuwa tunaulizia kitu kimoja.

Mchana jua lilikuwa limekwisha kuingia barazani daktari alipotoka na karatasi. Aliinama mbele ya benchi letu.

"Wanatosha," akasema. "Wa kila aina. Uboho wa huyo kaka yake umefanya kazi."

Nililia mbele za watu, mimi niliyewafundisha watoto wa tarafa nzima kufuta machozi. Editha aliniambia ninyamaze. Nikanyamaza, tukavuka ua kwenda kliniki ya watoto.

Kliniki ilikuwa na wanawake na watoto wao wachanga, mizani ya kuning'inia katikati. Muuguzi alichukua cheti chetu akakisoma, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Huyu."

"Huyu ndiye nani?"

"Ndiye mtoto."

Alisoma tena cheti, akaona maandishi ya daktari, akachukua sindano. Editha alikaa kati ya vichanga wanaolia. "Shangazi," akaninong'oneza, "tafadhali usinibembeleze." Akachomwa, akauma mdomo, yakaisha.

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa ngumu. Chanjo ilikuwa imeingia, lakini hatukujua ni nani atakayetangulia. Nilimshika Editha paji la uso asubuhi, mchana na jioni, nilimchungulia mdomoni na nyuma ya masikio, mpaka akaniambia atakuja kuota vipele kwa sababu ya vidole vyangu. Nilikuwa na hofu iliyonikosesha hata hamu ya ugomvi. Kila mgeni aliyepita Bibi alimwambia kwamba mtoto bado hajatolewa, na kila mgeni aliacha alicholeta kwenye mkeka, akaondoka. Katika miaka miwili ya kufukuza watu Nyarubungo, sikuwahi kupata ulinzi kama ule.

Agripina aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa amekonda, ngozi inambanduka, lakini anakula. Walikuwa wamempa matone ya vitamini A na kumtibu kifua. Mama yake alikuja hadi kwenye migomba kuniambia. Nilimwendea. Alikuwa hanitazami usoni.

"Mwalimu, nisamehe. Wa kwangu hakuchanjwa. Siku ya kliniki nilikuwa na vibarua, na baadaye nikaona amekwisha kukua."

"Hukuambiwa na mtu?"

"Nani angeniuliza?"

Nilibaki na swali hilo. Miaka miwili nilikuwa nauliza watu kama wanakohoa. Sikuwahi kumwuliza mama hata mmoja kama wake amechanjwa. Nilimwambia hana kosa la kusamehewa, nikamwuliza kliniki inayofuata ni lini. Siku ilipofika tulishuka pamoja na wanawake waliokuwa wamekuja na vikapu, na mimi nilitangulia nikipiga kelele kama kwenye mchakamchaka, jambo ninaloliweza.

Muda wa hatari ulipokwisha, Editha hakuwa ameumwa hata kichwa. Tulirudi kwa daktari, akamkagua, akasema surua haikumpata. Kama ni chanjo iliyowahi, au ugonjwa haukumshika tangu mwanzo, hakujua, nami sikudai ajue. Alisema mtoto anaweza kukaa na watoto wenzake.

Kesho yake Bibi alimtoa nje. Alitandika mkeka katikati ya ua, akaingia ndani, akamshika Editha mkono akamvusha kizingiti kana kwamba hajawahi kukivuka. Wanawake walipiga vigelegele, na safari hii nami nilipiga. Watoto wa majirani wakaitwa wakae naye kwenye mkeka, wakanawa, wakaletewa ndizi na maharage katika ungo mmoja, na wakala kwa mikono. Agripina alikaa mapajani mwa Editha. Nilizificha mikono yangu chini ya kanga ili isije ikamwondoa mtu. Bibi alinipitia karibu.

"Kula, Mwalimu," akasema. "Kazi yako imekwisha."

Safari ya kurudi haikuwa na mengi. Msitu tuliupita tena kwa msafara wa malori, sasa matupu, na polisi wawili walipanda gari letu, mmoja nyuma pamoja na Editha. Alimfundisha majina ya vilima, mengine nadhani aliyabuni. Nikiwa njiani nilijaribu kupanga nitakachowaambia watu wa nyumbani kuhusu safari hii. Ni hiki: mwili wa mtoto wetu ulianza upya na ukaweza, kwa uvumilivu wa madaktari na uboho wa kaka yake, lakini muda wote alipokuwa bado hawezi, kinga yake ilikuwa katika miili ya watoto wa jirani. Mtoto wa jirani asipochanjwa, wako anakaa mlango wazi, hata ukisimama na ufagio. Kwa hiyo mkiniona napita nyumba kwa nyumba nikiuliza kadi za kliniki, msiseme Mwalimu amekosa kazi.

Jioni tulifika Nyarubungo. Mama yake Editha alikuwa mlangoni amesimama mbali kidogo na gari, beseni la maji mikononi, sabuni ndani yake, nguo safi begani, kama nilivyomzoesha. Kwa miaka miwili hakuwahi kumgusa mwanawe anayetoka nje kabla hajanawa na kubadilishwa nguo. Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu mashine, askari wa mwili na chanjo. Editha alinitangulia.

"Mama," akasema, "bibi amenitoa nje."

Wifi yangu ni mzaliwa wa Kibimba. Aliliweka beseni chini, akamkumbatia mwanawe na vumbi lake lote la barabarani.